Nambari yako ya simu imo kwenye picha za barabarani? Omba ifichwe hivi

Mama alijua nimekwenda Mombasa kwa basi. Kisha binamu yangu, akitafuta mkahawa Mtito Andei kwenye Google Street View, zile picha za barabarani zilizo ndani ya Google Maps, akaniona nimeegesha pikipiki kando ya barabara, akatuma picha kwenye kundi la familia. Uso ulikuwa umetiwa ukungu, nambari ya usajili pia. Hayo mashine hujifanyia yenyewe. Lakini jaketi langu la manjano hata mbuzi wa kwetu wanalijua, na kwenye sanduku la nyuma nilikuwa nimepaka nambari ya simu, kubwa, ya kuitia wateja. Hiyo haikuguswa.

Ya Mama niliyamaliza kwa simu ya saa nzima. Ya nambari yanaombwa hivi.

Tafuta kompyuta, hata ya saiba. Kwenye simu yawezekana, ila kulenga kwa kidole ni kujitafutia presha. Fungua picha, igeuze mpaka ujione, ubonyeze maandishi madogo ya kuripoti tatizo kwenye kona ya chini kulia.

Utaletewa picha ileile ikiwa na fremu nyekundu. Mimi nilidhani ni pambo. Nikaandika maelezo marefu yenye adabu, kama barua kwa chifu, na fremu imetulia juu ya kibanda cha mahindi. Fremu ndiyo inayoonyesha kitakachofichwa. Sogeza picha, ikuze, mpaka kitu chako kiingie ndani peke yake.

Halafu chagua kama ni uso, nyumba, gari au kitu kingine. Nambari ya simu ni kitu kingine, kwa hiyo eleza ni nini na kiko wapi. Sentensi moja yatosha. Weka barua pepe unayoifungua kweli.

Kosa la pili ndilo lililonila siku nyingi. Gari la kamera hupiga picha kila baada ya mita chache, kwa hiyo sanduku langu lilionekana tangu gari likiwa mbali hadi liliponipita. Kila picha inataka ombi lake. Mimi niliombea moja nikalala, na watu wakazidi kunipigia kuuliza kama napeleka mizigo Voi. Tembea na mishale mbele na nyuma, hesabu unapotokea. Kwangu zilikuwa sita. Pitia na tarehe za zamani, maana picha za miaka ya nyuma huweza kubaki. Iliyopakiwa na mtu binafsi huwa na jina lake. Nayo iripoti kivyake.

Kabla ya kutuma, ujue kwamba ukungu ukishatiwa hauondolewi. Mwenye duka asifiche duka lake kwa hasira za siku moja.

Mwisho utatakiwa kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Mimi niliambiwa nichague picha zote zenye pikipiki.