Namna ya Kulitumia Neno "Ngoma" Bila Kumpoteza Msomaji

Ninafundisha Kiswahili hapa Newala, mkoani Mtwara, na mavuno yakishapita hupiga ngoma katika kikundi cha sindimba, mchezo wa Wamakonde. Kwa sababu ya kazi hizi mbili, watu huniletea matangazo, taarifa na tafsiri nizipitie kabla hazijatoka, na neno ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote ni "ngoma". Kila mwandishi anaamini kuwa analijua, kwa hiyo huliweka mahali popote na kumwachia msomaji kazi ya kukisia. Njia ninayoifuata mimi ni kukitazama kwanza kitenzi kilichokaa nalo, kisha watu wanaotajwa, na mwisho mahali linaposemwa.

Hatua ya 1: Tafuta kitenzi.

Ngoma ikichongwa, ikiwambwa, ikipashwa moto, ikilia au ikipasuka, ni chombo. Ikichezwa, ikinoga au ikikesha, ni mchezo pamoja na mkusanyiko wake wote: wapigaji, waimbaji, wachezaji na watu waliozunguka uwanja. Neno "ngomani" halina utata, kwa kuwa anayekwenda ngomani anakwenda kwenye shughuli. Utata uko kwenye "kupiga ngoma", ambako chombo na shughuli vinakutana. Hapo ongeza neno moja, kwa mfano "wanapiga ngoma kwenye harusi", na msomaji hatasumbuka.

Kuweni waangalifu na kitenzi "kupasha". Jioni, kabla ya kucheza, tunawasha nyasi kavu, tunauelekeza uso wa ngoma kwenye moto, na mpigaji anaigusa ngozi kwa vidole katikati na pembeni, anaigeuza, anaigusa tena, mpaka ile sauti nzito ya ngozi iliyonyonya umande iwe kali na yenye mlio mmoja. Niliwahi kuletewa tafsiri ambamo sentensi "vijana wanapasha ngoma" ilikuwa imegeuzwa kuwa vijana wanafanya mazoezi ya kucheza, kwa kuwa mfasiri alizoea kusikia wachezaji wa mpira wakipasha misuli. Moto wote ulikuwa umepotea katika tafsiri ile.

Hatua ya 2: Kama ni chombo, kitaje kwa jina lake.

Wapigaji hawaishii kwenye "ngoma". Wamakonde wana likuti na wana chinganga, kigoma chembamba chenye sauti ya juu, na mpigaji akiagiza kimoja hutamletea kingine. Pwani kuna msondo, ngoma ndefu ya unyagoni, ambayo jina lake limefika hadi kwenye muziki wa dansi: bendi ya Msondo Ngoma ya Dar es Salaam ndiyo iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz. Sindimba, kwa upande wake, ni jina la mchezo, kwa hiyo mtu huicheza au huitazama.

Hatua ya 3: Tofautisha anayecheza na anayechezwa.

Hapa ndipo ninapowaomba wageni wasiharakishe. Katika mikoa ya Mtwara na Lindi, "msichana anacheza ngoma" maana yake ni kwamba yuko uwanjani anacheza. "Msichana anachezwa ngoma", au kwa kifupi "anachezwa", maana yake ni kwamba yuko unyagoni: amewekwa chini ya kungwi au nyakanga, anafundwa mambo ya utu uzima, na siku ya kutolewa mwali ikifika ukoo mzima utakusanyika. Kiambishi kimoja cha kutendwa kimebeba taasisi nzima. Ndiyo maana kumwambia mwanamke mzima kwamba "hajachezwa" ni tusi zito. Msemaji hazungumzii ustadi wa kucheza hata kidogo, anasema kwamba mwanamke huyo hakufundwa na kwamba kwao hawakumtimizia wajibu.

Mwalimu mmoja aliyetoka bara aliwahi kuandika tangazo la sherehe ya shule, akawaarifu wazazi kwamba wasichana wa kidato cha pili "watachezwa ngoma siku ya Jumamosi". Alikusudia kusema kwamba wataonesha ngoma ya asili. Jumamosi ile walifika akina mama wakiwa na khanga mpya na mchele, wakauliza nyakanga yuko wapi, na wengine walikasirika kwamba mwali wao anatolewa bila ndugu wa kuumeni kupewa taarifa. Ilitubidi tukae nao chini ya mwembe, tukaomba radhi kwa heshima. Tangazo lilipaswa kusema "wasichana watacheza ngoma", na basi.

Kwa hiyo, ukisikia hapa kwetu, hasa likizo za Juni na Desemba, kwamba "kwa fulani kuna ngoma", usimjibu aliyekualika kabla hujamuuliza ni ngoma gani: ya harusi, ya jando, ya unyago, au ya kupunga pepo. Swali hilo si utovu wa adabu. Litakusaidia kujua uende na nini, ukae upande gani, na kama unaruhusiwa kuingia, kwa kuwa yapo mafunzo ya unyagoni ambayo mwanamume hayasogelei.

Hatua ya 4: Sikiliza lugha ya vijana na ya mtaani.

Kijana akisema msanii "ameachia ngoma mpya", anazungumzia wimbo, hata kama umetengenezwa kwa kompyuta tupu. "Ngoma droo" ni sare, na "ngoma nzito" ni jambo gumu. Daktari akitaja ngoma ya sikio anamaanisha kiwambo kinachopokea sauti. Mtaani pia husemwa kwamba mtu "ana ngoma", yaani anaishi na virusi vya UKIMWI. Msemo huo unawaumiza watu, na ninauondoa katika kila andiko ninalopewa. Andika "anaishi na VVU".

Hatua ya 5: Kagua upatanisho.

Ngoma inalia, ngoma zinalia. Ikiwa kubwa, goma linalia na magoma yanalia. Ikiwa ndogo, kigoma kinalia. "Ngoma" haibadiliki kati ya umoja na wingi, hivyo viambishi vya upatanisho ndivyo vinavyomwambia msomaji idadi, na ukikosea hapo hana pa kushika.

Hatua ya 6: Maliza kwa methali.

Chukua "ngoma ivumayo haidumu" na "ngoma ya watoto haikeshi", kisha zipime kwa Hatua ya 1. Katika ya kwanza kuna kuvuma, kwa hiyo chombo kiko mbele. Katika ya pili kuna kukesha, kwa hiyo ni shughuli ya usiku. Halafu chukua "mcheza kwao hutunzwa", ambayo haina neno ngoma ndani yake ingawa haieleweki bila ngoma. Kutunza huko si kulea. Ni pale mchezaji anapofika mbele ya shangazi yake, anapiga magoti huku kiuno kikiendelea, na shangazi anafungua pindo la khanga, anatoa noti, anaibandika kwenye paji la uso lililolowa jasho.