Jinsi ya Kuchagua Pikapu ya Kazi Nzito kwa Ajili ya Kuvuta Tela

Mtu anayetafuta pikapu ya kazi nzito, kama vile Ford F-250, Ram 2500 au Chevrolet Silverado 2500HD, kwa kawaida huvutiwa kwanza na tarakimu kubwa ya kwenye tangazo, yaani uzito wa juu wa tela ambalo gari linaweza kulivuta. Tarakimu hiyo si ya uongo, ila ni nadra kuwa ndiyo itakayomkwamisha. Kinachoisha mapema ni uwezo wa gari lenyewe kubeba uzito mgongoni, na hesabu ya mnunuzi inapaswa kuanzia hapo.

Fungua mlango wa dereva, utazame lebo iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango. Lebo hiyo hutaja uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari likiwa limepakiwa, pamoja na uzito ambao kila ekseli inaweza kuhimili. Tuseme kikomo ni pauni 10,000, yaani kilo 4,536, na gari tupu lenye tangi lililojaa linasoma kilo 3,300 kwenye mizani. Limebakiwa na kilo 1,236. Watu watano wakichukua kilo 400, na sanduku la zana kilo 150, zinabaki 686. Sasa funga tela la kilo 5,000. Tela la kawaida linalofungwa nyuma ya bampa linatakiwa kukandamiza gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, kwa hiyo ukichukua asilimia 12 tu, kilo 600 zimekwenda. Umebakiwa na kilo 86, ilhali huenda tangazo lilikuambia kwamba gari hilo linavuta tela zito zaidi ya hapo. Jambo hilo halishangazi ukijua kwamba kipimo cha SAE J2807, yaani utaratibu wa kupima uwezo wa kuvuta unaotumiwa na watengenezaji wa Marekani, huhesabu dereva na abiria mmoja tu, kila mmoja akiwa na kilo 68.

Ikiwa tela lako ni la aina inayofungwa ndani ya sehemu ya mizigo ya pikapu, juu ya ekseli ya nyuma, mkandamizo hupanda hadi asilimia 15 hadi 25. Aina hiyo hutulia barabarani kuliko ile ya nyuma ya bampa, lakini hula uwezo wa kubeba haraka sana, na ndiyo sababu wanaovuta tela kubwa huchagua pikapu yenye tairi mbilimbili kila upande wa nyuma.

Baada ya hesabu, inama utazame chini ya gari. Pikapu hizi zimejengwa juu ya chasisi ya chuma iliyo kando na bodi, hata pale bodi yenyewe inapokuwa ya alumini kama ilivyo kwenye Ford Super Duty tangu toleo la 2017. Mbele, Ford na Ram hutumia ekseli nzima inayounganisha magurudumu mawili wanapoweka mfumo wa kuendesha magurudumu manne, ilhali Chevrolet huacha kila gurudumu la mbele lipande na kushuka peke yake, jambo linalopunguza mtikisiko kwenye barabara mbovu. Nyuma, nyingi hutumia springi bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine, lakini Ram 2500 hutumia springi za koili, na tofauti hiyo utaihisi gari likiwa tupu.

Kuhusu starehe, usitoe hukumu kwa kulizungusha gari tupu mtaa mmoja. Springi zilizotengenezwa kubeba tani nzima lazima zirushe kidogo zisipobeba kitu, na gari linalokuwa laini kupita kiasi likiwa tupu linastahili kutiliwa shaka. Ukiruhusiwa, lijaribu likiwa na mzigo. Keti kwenye kiti kwa nusu saa, sikiliza kelele ndani ya kabini, na uhakikishe kwamba vioo vya pembeni vinavutika nje hadi uone tairi za nyuma za tela. Kwangu mimi vioo hivyo vina thamani kuliko viti vya ngozi.

Injini ya dizeli yenye turbo hufaa zaidi kwa anayevuta mara kwa mara, kwa kuwa torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, huja mapema na haipungui sana milimani. Hata hivyo, injini ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli, na uzito huo hutolewa kwenye uwezo wa kubeba. Uliza pia kama kuna breki ya ekzosi, inayozuia moshi wa injini ili kupunguza mwendo, maana kwenye mteremko mrefu ndiyo inayookoa breki za magurudumu zisipate moto.

Kabla ya kufunga tela, pima kimo cha ukingo wa bodi juu ya gurudumu la mbele, kisha pima tena baada ya kulifunga. Pua ikiinuka sana, usukani utakuwa mwepesi na taa zitamulika juu, kwa hiyo tumia kiungo kinachogawa uzito kurudisha sehemu yake mbele. Pakia takriban asilimia 60 ya shehena mbele ya ekseli ya tela, upitishe minyororo ya usalama kwa mkingamo chini ya kiungo. Tela likianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, ubane breki za tela peke yake kwa swichi ya mkono. Kukanyaga breki za gari kwa nguvu huzidisha myumbo. Simama baada ya kilomita chache za mwanzo ukague minyororo, waya za taa na joto la vitovu vya magurudumu ya tela.