Somo: Ulimi wa utando wa PVDF unaojipinda kwa umeme

Wadau, habari za leo. Tangu nilipogusia utando wa PVDF, yaani plastiki nyembamba inayobadili urefu ikipewa umeme, nimepokea maswali mengi kutoka kwa wanaotaka mwendo mdogo sana, chini ya milimita moja, bila mota, bila gia, bila sumaku. Leo tunautengeneza. Mwisho wa kazi utakuwa na ulimi wa plastiki mwembamba kuliko ukurasa wa daftari, wenye kipande kinachong'aa kama kioo nchani, unaosogeza doa la leza ukutani kila ukibonyeza swichi.

PVDF yenyewe ni polima ya kawaida, yaani plastiki. Mwaka 1969 mtafiti wa Japani, Heiji Kawai, alionyesha kwamba utando wake ukivutwa na kisha kuwekwa kwenye uga mkali wa umeme, unapata tabia ambayo Pierre na Jacques Curie waliiona kwenye fuwele mwaka 1880: ukiuminya unatoa chaji. Kinyume chake nacho ni kweli. Ukiupa volti, unarefuka au unafupika, na huko kurefuka na kufupika ndiko tunakokwenda kukutumia.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kila volti moja kwa kila mita ya unene huubadilisha urefu kwa sehemu 23 katika trilioni. Ukichukua kipande chenye unene wa mikromita 28 na urefu wa sentimita 2, ukakipa volti 90, kitarefuka mikromita moja na nusu tu. Jicho halioni kitu. Lakini gundisha vipande viwili kimoja juu ya kingine, kimoja kirefuke wakati mwenzake anafupika, na ncha itapinda karibu milimita 0.8. Umeme ni uleule na plastiki ni ileile, ila mwendo umeongezeka zaidi ya mara 500. Gundi itakula sehemu yake, lakini kitakachobaki kitaonekana kwa macho.

Hatua ya kwanza: tafuta uelekeo wa mvuto. Naomba hapa msome taratibu. Utando huu ulivutwa kiwandani kuelekea upande mmoja, na nguvu yake karibu yote iko upande huo. Ukikata kipande kwa kukikingamisha, ile 23 inashuka hadi kama 3. Mimi nilipoteza karatasi nzima niliyoisubiri mwezi mzima kwa sababu nilikata kwa kufuata umbo la karatasi bila kuuliza imevutwa kuelekea wapi. Ndimi zote sita zilikaa kimya. Kama alama ya mshale inayoonyesha mvuto imeshakatwa, chukua kipembe cha taka ukichane: utando huchanika kwa urahisi, karibu kama uzi, kufuata uelekeo wa mvuto. Urefu wa ulimi wako ulale upande huohuo.

Hatua ya pili: kata vipande viwili, kila kimoja upana wa milimita 10 na urefu wa milimita 30. Tumia wembe mpya na rula ya chuma juu ya kioo. Mkasi haufai, kwa sababu huburuta fedha iliyopakwa upande wa juu wa utando hadi ikagusana na ya upande wa chini. Ikiwa utando wako umepakwa wino wa fedha, chovya pamba kwenye asetoni kidogo ufute milimita moja ukingoni pande zote, haraka, bila kuloweka, ila ubakize fedha hadi mwisho kwenye upande utakaobanwa. Kisha pima kila kipande kwa mita ya kapasita. Unatarajia karibu nanofaradi 1. Ukipata sifuri, au mita ya omu ikilia, kingo zimegusana, rudia kufuta.

Hatua ya tatu: ijue chanya na hasi. Utando huu huhisi pia joto, na hilo linatusaidia. Weka mita kwenye milivolti, waya mwekundu upande wa juu, mweusi wa chini, halafu pumulia kipande pumzi ya joto. Namba itaruka juu au itakwenda hasi kwa muda mfupi. Upande ambao, ukiguswa na waya mwekundu, unatoa chanya wakati wa kupashwa joto, uwekee nukta ya kalamu ya maki kwenye mkia, yaani mwisho utakaobanwa. Fanya hivyo kwa vipande vyote viwili.

Hatua ya nne: gundisha. Nukta zote mbili zitazame juu, yaani upande wenye nukta wa kipande cha chini ukutane na upande usio na nukta wa kipande cha juu. Tumia epoksi ya kuchanganya inayokauka polepole bila joto, tone dogo tu, uisambaze kwa ukingo wa kadi mpaka ibaki kama mvuke. Epoksi nene ni ubao katikati ya ulimi wako. Milimita 10 za mkia zisiguswe na gundi. Weka katikati ya karatasi mbili za nailoni, juu yake kitabu kizito, uache hadi kesho.

Hatua ya tano: nyaya. Usithubutu kuchomea risasi juu ya utando. PVDF huyeyuka karibu nyuzi 170, na nguvu yake huanza kupotea ukipita nyuzi 80 hivi. Penyeza kipande cha karatasi ya shaba kati ya mikia miwili. Huo ni waya wa katikati. Nje bana kwa vipande viwili vya bodi ya saketi, shaba ikitazama ndani, ukikaza kwa skrubu zilizopita pembeni mwa utando. Skrubu zitaunganisha bodi zote mbili, na ndivyo tunavyotaka. Angalia tu shaba ya katikati isiguse bodi wala skrubu.

Hatua ya sita: betri 10 za volti 9 zilizopachikwa mfululizo, rizista ya megaomu 1, na swichi ya njia mbili: upande mmoja unaleta volti 90 kati ya waya wa katikati na bodi za nje, mwingine unaunganisha ulimi wenyewe kwa wenyewe kupitia rizista ili chaji itoke. Bandika nchani kipande cha milimita 5 cha pakiti inayong'aa ya biskuti. Elekeza leza hapo, kamwe isielekee jicho la mtu, na utazame ukuta ulio mita 3. Doa litaruka sentimita nyingi.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi wa redio, Tanga: Kaka, kwa nini nisichukue umeme wa ukutani moja kwa moja? Volti ninazo tayari.

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Utando utavumilia, wewe hutavumilia. Betri zikipitia megaomu 1 haziwezi kukupa zaidi ya mikroampea 90. Hiyo rizista usiiruke hata kwa majaribio ya dakika moja, na kabla ya kugusa kitu zima swichi kwanza.

Mwanafunzi wa kidato cha sita, Iringa: Shikamoo mwalimu. Unaweza kufungua vali ya dripu?

Jibu: Marahaba. Kwa ulimi huu, hapana. Nguvu ya nchani ni kama uzito wa miligramu 15, pungufu ya punje ya mchele. Ndiyo maana nimesema pakiti ya biskuti na si kioo halisi. Ukifupisha ulimi nguvu inapanda, lakini mwendo unashuka haraka zaidi.

Mwanachama wa Mombasa: Mshipi wa fluorokaboni tunaovulia nao nasikia ni PVDF hiyohiyo. Siwezi kuutumia?

Jibu: Umesikia sawa, ni plastiki hiyohiyo, na umevutwa pia. Unachokosa ni ule uga mkali wa umeme uliopanga molekuli zake upande mmoja, na hauna fedha juu yake. Hautajipinda.

Dada wa Pemba: Hewa ya chumvi haitaula utando huu?

Jibu: Plastiki yenyewe haijali chumvi wala unyevu, dada. Fedha ndiyo huingia weusi, hasa mkiani palipobanwa. Paka mafuta mazito kidogo kuzunguka bodi baada ya kukaza, na ukimaliza kazi weka kwenye kopo lenye mfuniko.

Mwanachama wa Morogoro: Wangu unatetemeka vizuri nikiwasha na kuzima haraka, lakini nikiuacha na volti unarudi polepole.

Jibu: Plastiki hulegea taratibu. Kwa kushikilia mahali pamoja siku nzima utando huu haufai, tafuta kauri inayojipinda kwa umeme. Kwa kutetemeka ndipo mahali pake. Sentimita 2 hupenda kucheza karibu mara 29 kwa sekunde. Kata wa pili wenye urefu huru wa milimita 15, na utaukuta karibu na mara 50.