Sukari Kupanda Jioni Ilhali Unavaa Pampu ya Insulini

Nawa mikono, upime upya. Kidole kilichotoka kumenya chungwa la Muheza hudanganya mashine.

Namba ikibaki juu, jiulize kama ni leo tu au ni kila jioni.

Ya leo tu, kagua kanula, yaani kijirija laini cha pampu kilichochomwa chini ya ngozi. Joto la Tanga na jasho hulegeza plasta, kanula ikachomoka nusu, na pampu isilie: inajua njia iliyoziba, haijui insulini inayovuja. Plasta ikiwa imelowa na inanuka dawa, jibu umepata. Angalia pia mapovu kwenye mrija; huletwa na insulini iliyojazwa ikiwa bado na baridi ya friji. Kanula ni ya siku 2 hadi 3, na isichomwe penye uvimbe mgumu. Insulini iliyopata joto la zaidi ya nyuzi 37, mwaga.

Sukari ikiwa juu ya 14 (namba zote hapa ni mmol/L), umeshapiga dozi ya kusahihisha, na baada ya saa nzima haijashuka, usiiamini tena pampu. Choma dozi kwa kalamu au sindano, kisha badilisha kanula, mrija na insulini. Pima ketoni, asidi ambayo mwili huitengeneza ukikosa insulini, maana pampu haina insulini ya muda mrefu; ikikatika, ketoni hupanda ndani ya saa chache. Zikifika 1.5, piga simu kliniki. Zikifika 3, au ukitapika, nenda hospitali usiku huohuo.

Ya kila jioni, anza na saa ya pampu. Saa mbili usiku yetu ni 20:00 kwake. Aliyeandika 2:00 amepeleka insulini ya jioni saa nane usiku, na huko itamshusha sukari usingizini.

Halafu chakula. Maandazi ya chai ya saa kumi huliwa bila dozi, eti ni kionjo tu! Dozi ya chakula ipigwe dakika 15 kabla ya kula. Wali wa nazi una ujanja wake: mafuta huchelewesha wanga, sukari ikapanda saa kadhaa baada ya kula. Hapo hufaa dozi ya kugawanya: fungu moja sasa, jingine polepole baadaye. Mafungu yake panga na kliniki.

Basali, ile insulini ambayo pampu huitoa kidogo kidogo mchana na usiku, iguswe mwisho. Kaa saa 4 bila chakula wala dozi, kisha ruka mlo wa jioni ukipima kila saa. Ukishuka chini ya 4, kula na uache jaribio. Sukari ikipanda kwa zaidi ya 1.7 kutoka ilipoanzia, ongeza basali asilimia 10, kuanzia saa moja au mbili kabla ya muda sukari inapoanza kupanda. Rudia jioni nyingine kabla ya kuongeza tena.