Kurekodi taarab na maulidi Lamu ili usiku wenyewe usipotee

Rekodi nyingi za taarab zilizomo kwenye simu za watu zina kasoro mbili: sauti imepasuka pale wimbo ulipokolea, na hakuna tena anayekumbuka ulikuwa usiku gani, nyumba ya nani. Zote mbili zinazuilika.

Anza na ruhusa, tena mchana, si ngoma ikishapamba moto. Harusini muulize mwenye shughuli. Kwenye maulidi, wazee wanaosimamia safu. Usiku wa kupamba bibi harusi hauna mjadala: wanawake wamevua mabuibui na wako wao kwa wao, simu ibaki mkobani. Hata sauti tupu usichukue bila wenyewe kukubali, maana sauti ya mtu hujulikana mtaa mzima.

Simu inatosha kwa kuanzia. Iweke kwenye hali ya ndege, kisha tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima marekebisho ya sauti ya simu yenyewe. Usipoyazima, udi (ala ya nyuzi) ukipiga taksimu, ule utangulizi wa kubuni papo hapo, polepole, simu inapandisha sauti, ngoma ya dumbaki ikiingia inashusha ghafla, na muziki mzima unapanda na kushuka kama mtu anayehema. Ukiweza kupata kinasa sauti cha mkononi chenye maiki mbili, chukua hicho. Chagua WAV, kHz 48, biti 24. Saa moja inakula takribani GB 1, kwa hiyo kadi ya GB 32 inabeba usiku mzima na nafasi inabaki. Funga faili na kuanza jipya wimbo unapokwisha, au angalau kila saa: betri ikizimika ghafla, faili lililo wazi ndilo linaloharibika.

Kazi kubwa ni kujua pa kuweka maiki. Taarab inayopigwa kwa spika, watu hukimbilia kuweka simu mbele ya spika, na hapo ndipo udi unapopotea, kwa sababu unasikia spika moja tu na yale yaliyopewa nguvu zaidi. Kaa katikati, kama mita 4 kutoka jukwaani, maiki juu ya stendi kwa urefu wa mita 2 ili vichwa visizuie. Usirudi nyuma hadi ukutani. Kuta za mawe za nyumba zetu, zilizopakwa chokaa, hurudisha sauti kwa nguvu; kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba ya kale sogea hata mita 2 kutoka kwa wapigaji. Piga makofi mara moja kabla wageni hawajafika usikie mwangwi, lakini usiukatie tamaa: watu wakishakaa mikekani, nguo na miili yao huumeza sehemu kubwa.

Angalia pia njia ya kutuza. Watu watainuka na noti zao kumwendea mwimbaji, na stendi iliyo kwenye njia hiyo itapigwa teke kabla ya wimbo wa tatu.

Maulidi yana hesabu yake. Matari yana sauti kali na nai, filimbi ya tete, ina sauti nyembamba, kwa hiyo ukisimama mbele ya safu, nai unaikosa. Nenda kando, upande wa mpiga nai, maiki ikimwelekea yeye. Matari yatafika tu, hayahitaji msaada. Zefe nalo, yaani maandamano ya kupita mitaani, usilifuate ukitembea. Utapata viatu vyako na kutikisika kwa mkono. Simama mahali pamoja, penye kona, liache lije, likupite, liende zake. Ukisikiliza baadaye utasikia matari yakikaribia kutoka mbali, yakijaza uchochoro, kisha yakififia, na huko kupita kwake ndiko zefe lenyewe.

Ukingoni mwa bahari adui ni upepo, kaskazi tangu Desemba hadi Machi, kisha kusi. Sponji nyembamba inayokuja na maiki huzuia pumzi ya mwimbaji tu. Upepo wa bahari unataka kifuniko cha manyoya. Huna? Jifiche nyuma ya pembe ya ukuta au ndani ya daka, kibaraza cha mlangoni. Vinasa vingi vina kitufe cha kukata sauti za chini. Kikiwekwa Hz 80 kinapunguza ngurumo ya upepo, ila kinapunguza pia kishindo cha ngoma kubwa. Ndani ya nyumba kizime.

Kiwango cha sauti kipime wakati wanajaribu vyombo, halafu kishushe zaidi ya unavyoona inafaa. Wimbo wa kwanza siku zote ni mpole kuliko wa tano, na vigelegele havijaanza. Kilele kigote kwenye desibeli 12 chini ya sifuri, yaani -12 dB kwenye kipimo cha kinasa. Ikigusa sifuri, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, na hakuna fundi anayeyarudisha. Iliyorekodiwa chini kidogo inapandishwa baadaye bila hasara.

Fundi wa mikisa, mtambo wa kuchanganya sauti, akikubali kukupa waya, weka kinasa kwenye ingizo la laini (LINE), si la maiki, la sivyo sauti itapasuka tangu mwanzo. Waya huo utakupa mwimbaji na kinanda bila watu, kwa hiyo rekodi na maiki pia. Usiulaze sambamba na waya wa umeme; ndiko mvumo unakotoka.

Kabla wimbo wa kwanza haujaanza, sema mwenyewe kwenye kinasa: tarehe, mtaa, shughuli. Hapa watu wengi hukosea. Saa ya kinasa ikisema 22:00, kwetu ni saa nne usiku. Na Alhamisi baada ya magharibi, kwa hesabu ya Kiislamu, ni usiku wa Ijumaa. Taja siku zote mbili, ya miladia na ya hijria. Faili liite kwa kuanza na mwaka, mfano 2026-01-09_langoni_harusi_03, nayo yatajipanga yenyewe kwa tarehe.

Asubuhi yake, kabla ya adhuhuri, andika kila wimbo: nani kaimba, nani kapiga udi, nani katunga. Mwimbaji na mtunzi mara nyingi ni watu wawili. Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa Lamu, aliimba mashairi ya watunzi wengine, akiwemo Ahmed Sheikh Nabhany. Uliza na fumbo: nani alituza beti gani, na kwa nini ukumbi ulicheka pale. Ukichelewa mwezi mmoja, maneno yatabaki kwenye rekodi na maana itakuwa imekwenda. Majibu mengine hayafai kuandikwa, na hayo yaache.

Siku hiyohiyo toa nakala. Hewa ya chumvi hula vyuma vya kadi, hivyo itunze kwenye kopo la kufunga pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu. Mchele usiutumie, una vumbi. Nakala moja kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski iliyo nyumba nyingine. Ya tatu mpelekee mwimbaji, pamoja na karatasi ya majina, akusahihishe. Ukiituma kwa WhatsApp itume kama hati, si kama sauti.