Kusafisha alama za mpangilio katika kurasa za man

Ukurasa wa man (mwongozo wa amri za Unix na Linux) unaweza kupendeza kwenye skrini huku chanzo chake kikiwa kimejaa uchafu wa alama za mpangilio, kwa sababu groff, programu inayoupanga, huvumilia mengi. Kuusafisha ni kuondoa uchafu huo bila kubadili anachokiona msomaji, isipokuwa pale anachokiona ni kosa.

Kwanza soma mistari ya juu ya faili. Ikisema imetengenezwa na pod2man au help2man, programu zinazozalisha kurasa za man zenyewe, usiiguse: itaandikwa upya programu itakapojengwa tena, na kazi yako itapotea. Rekebisha chanzo chake. Ukikuta `.Dd`, `.Dt` na `.Os`, huo ni ukurasa wa mdoc, mtindo mwingine wenye makro (amri za mpangilio) zake. Hapa tunashughulika na kurasa zinazoanza na `.TH`.

Weka nakala ya kulinganishia, kisha uliza vikaguzi viwili, groff na mandoc (`chombo.1` ni faili yako):

```
groff -man -Tutf8 chombo.1 > kabla.txt
groff -man -Tutf8 -ww -z chombo.1
mandoc -T lint chombo.1
```

Mandoc ndiyo kali zaidi, na hutaja namba ya mstari. Usikubali kila inachosema bila kuangalia.

Nafasi zilizobaki mwishoni mwa mistari huondoka kwa `sed -i 's/[[:space:]]*$//' chombo.1`. Lakini tafuta kwanza mistari inayoishia na mkwaju wa nyuma (`\`) na nafasi. Nafasi ikifutwa, mkwaju unaobaki peke yake huunganisha mstari huo na unaofuata.

Mistari mitupu kati ya aya iwe `.PP`, makro ya kuanza aya. Hapa ndipo wengi huharibu: ndani ya maelezo ya `.TP` (makro ya chaguo na maelezo yake), `.PP` hurudisha maandishi kwenye ukingo wa kushoto, na aya ya pili ya maelezo ya chaguo hujitenga na chaguo lake. Tumia `.IP` bila kitu mbele yake. Mistari mitupu iliyo kati ya `.EX` na `.EE`, yaani ndani ya mfano, iache.

Vistari ndivyo vyenye madhara makubwa kwa msomaji. Kistari kitupu `-` kikichapwa kwa UTF-8 kinaweza kutoka kama U+2010, herufi ambayo amri haiitambui. Msomaji akinakili `--help` na kuibandika kwenye terminali, programu humkatalia. Akiitafuta ndani ya ukurasa, haipati. Andika `\-\-help`. Mifumo kadhaa, Debian ikiwemo, hugeuza kistari hicho kimyakimya, hivyo kompyuta yako kukuonyesha sawa si ushahidi. Wala usibadilishe vyote kwa sed: cha neno kama read-only kinabaki kilivyo. Ndani ya mifano ya amri, `'` iwe `\(aq`, `~` iwe `\(ti`, `^` iwe `\(ha`, na mkwaju wa nyuma uwe `\e`.

Sasa fonti. `\fB` (anza herufi nzito) iliyosahau `\fR` (rudi kwenye za kawaida) huacha herufi nzito zikienea kwenye maneno yanayofuata. Badala ya

```
Tumia \fB\-v\fR, kisha soma \fBgrep\fR(1).
```

andika

```
Tumia
.BR \-v ,
kisha soma
.BR grep (1).
```

`.BR` hubadilishana fonti kila inapokuta nafasi, na huunganisha vipande bila kuacha pengo. Kwa hiyo `.BR grep (1) .` itafanya nukta ya mwisho iwe nzito. Kipande kikiwa kimoja tu, `.B` inatosha.

Kila sentensi ianze mstari mpya. Groff hutambua mwisho wa sentensi pale mstari unapoishia, au nukta inapofuatwa na nafasi mbili. Kwa sababu hiyohiyo, `n.k.` ikiangukia mwishoni mwa mstari katikati ya sentensi, iandike `n.k.\&`. Alama hiyo `\&` huwekwa pia mbele ya mstari wa maandishi unaoanza na nukta au `'`, la sivyo groff huuchukulia kuwa amri na maneno yake hupotea.

Baada ya kila hatua, chapa `baada.txt` kwa amri ileile kisha tumia `diff -u kabla.txt baada.txt`. Hatua ya fonti isionyeshe tofauti yoyote, ila pale ulipofunga herufi nzito zilizoachwa wazi. Ya vistari inaweza kuonyesha, na ya sentensi itasogeza nafasi. Ndiyo maana kila hatua inastahili komiti (commit) yake: anayekagua hawezi kuona neno lililodondoka katikati ya mabadiliko mia tatu.

Mwisho, endesha `lexgrog chombo.1`, inayosoma mstari wa NAME. Ikishindwa, mstari wa NAME hauna umbo la `chombo \- maelezo mafupi`, na apropos, amri ya kutafuta kurasa za man, haitaupata ukurasa huo.