SOMO: Kuhifadhi tende kwa baridi zisipoteze ladha

Baridi haiiboreshi tende mbovu, huichelewesha tu. Kwa hiyo kabla hujagusa friza, jua tende zako zimefikia wapi.

1. Chambua. Tende huiva kwa hatua tatu. Khalali bado ni ngumu, za manjano au nyekundu, zimejaa maji. Rutabu zimelainika na kugeuka rangi. Tamri zimekauka, maji hayafiki robo ya uzito wake. Zilizopasuka au kunuka uchachu ziondoe.

2. Ua wadudu. Kwa rutabu na tamri, nyuzi -18 za Selsiasi kwa saa 48 huua hata mayai. Anza kuhesabu tende za katikati ya boksi zikishafikia baridi hiyo. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Chini ya nyuzi 13 wadudu huacha kula na kuzaana, lakini hawafi. Ukizirudisha kwenye joto, wanaendelea walipoishia.

3. Hifadhi. Tamri kwenye nyuzi 0 hukaa miezi 6 hadi 12, na kwenye -18 hupita mwaka. Rutabu zipeleke friza moja kwa moja, maana maji yake ni karamu ya hamira, vimelea vinavyochachusha. Khalali ziweke karibu na nyuzi 0 bila kuzigandisha. Zitakaa wiki kadhaa tu.

4. Funika kabisa. Tende hunyonya unyevu, na harufu pia. Mimi niliwahi kuziweka karibu na vitunguu. Sitarudia.

5. Ukizitoa, usifungue chombo hadi zipoteze ubaridi, la sivyo umande utatua juu ya tende na kukaribisha ukungu.

MASWALI

Mwalimu, zangu zina madoa meupe chini ya ganda. Nitupe?
Ukiona unyoya wa ukungu juu ya ganda, au zikinuka, tupa. Yakiwa ndani na magumu kama chembe, ni sukari iliyoganda. Zipashe joto dogo, mengi yatayeyuka. Baridi hupunguza tatizo hili.

Niligandisha khalali kwa bahati mbaya. Zimetoka laini na ukakasi umekwisha! Imekuwaje?
Barafu imepasua chembe hai za tunda, na tanini iliyokuwa ikikaza ulimi imeshikamana, huionji tena. Wapo wanaofanya hivyo makusudi. Ila uzile upesi, sasa zinaoza kama rutabu.

Mbona zimekuwa nyeusi humo humo kwenye friji?
Kadiri tende ilivyo na maji na joto ndivyo inavyokolea rangi. Friji hupunguza kasi tu. Ukitaka rangi ibaki, tumia friza.